Kisu Ulichokinyamazia

Nachingwea, Jumapili mchana

Somoe wangu,

Barua ya kumwandikia mtu aliye kaburini sijui inaanzwaje. Za walio hai najua. Shuleni Chiola ulikuwa ukinirushia vikaratasi, nami nimekaa dawati la mbele yako kabisa, na kila kikaratasi kinaanza na "mimi mzima, hofu kwako". Mwalimu alikinasa kimoja akakisoma mbele ya darasa, tukachapwa wote wawili, wewe kwa kuandika na mimi kwa kucheka. Leo wewe huna hofu ya lolote, yote nimebaki nayo mimi. Nitaandika yanavyokuja.

Habari za nyumbani kwanza, maana najua ungekasirika nikianza na mambo yangu. Salima wako yuko Chiola kwa bibi yake. Jino la mbele limeanza kulegea, na mtu akimsemesha hajibu, analitingisha tu kwa ulimi huku anakutazama. Ukaidi huo sihitaji kuuliza kautoa wapi. Mumeo Saidi ameoa. Nakwambia wazi kwa sababu hukupenda kufichwa mambo. Amechukua mwanamke wa Mbwemkuru, mpole, anamheshimu mama yako, ila mboga zake chumvi huingia kwa kukisia. Nilikula kwake nikakukumbuka, nikanawa mikono mapema. Mikorosho ya Mandawa ameipulizia dawa mwenyewe mwaka huu. Lile shamba la ufuta ulilokuwa ukilima wewe hakuligusa. Limeota majani mpaka kiunoni, na hakuna anayemuuliza.

Na mdogo wako Rehema amejifungua. Hayo nitayafikia, ndiyo yaliyonikalisha kitako niandike. Lakini siwezi kuyasimulia kabla sijakuambia jambo nililopaswa kukuambia ukiwa hai. Nimelizunguka mwaka mzima na zaidi. Nimelizunguka hata kwa mama yako, Mungu anisamehe.

Niliona, Somoe. Siku ile ukiwa mezani kwangu, niliona.

Ngoja nirudi nyuma, la sivyo nitaanza kujitetea.

Tulichezwa unyago pamoja, wali saba wa mwaka ule, mimi na wewe bega kwa bega. Ya unyagoni hayaandikwi na sitayaandika. Hili moja kila mtu wa kwetu analijua, hata wanaume. Siku ya kufundwa mambo ya uzazi tulinyooshwa miguu mkekani, wakubwa wakapita wakitufinya mapajani, na mama yako alikuwa mmoja wao. Mwanamke anayezaa hapigi kelele, wakatuambia. Akipiga kelele anamwaibisha mama yake, na kijiji kizima kitajua kwamba binti huyo hakufundwa. Mimi nilipofinywa mara ya kwanza nilitoa ukelele uliowatawanya kuku wa jirani. Wakanicheka, wakanirudia, wakaniita Nyenje, mdudu wa kelele, na wewe ukaendelea kuniita hivyo hata nilipokuwa na cheti cha kazi kimetundikwa ukutani.

Wewe alikufinya mama yako mwenyewe, tena kwa kucha. Ukageuza macho ukatazama ukuta. Akafinya tena, ukatazama ukuta. Hata pumzi yako haikubadilika. Wakakupigia vigelegele, na mama yako akatembea wiki nzima amenyoosha shingo. Usiku nilikuuliza uliwezaje, ukaniambia unachagua ufa mmoja ukutani, unaufuata mpaka mwisho, na ukifika mwisho unaurudia. Nilijaribu nikashindwa. Nikakuonea wivu sana.

Basi, mimi niliyekuwa nimekaa karibu yako siku hiyo ndiye niliyekuja kuwa mtu wa usingizi hospitalini. Ulipenda kuwatangazia watu kwamba kazi yangu ni kuwalewesha wagonjwa halafu kukaa kwenye kiti. Ukweli ni kwamba siku hizi wazazi wengi hatuwapigi nusu kaputi. Tunamchoma mama sindano ya ganzi mgongoni, kuanzia chini ya maziwa kwenda miguuni panakufa, yeye anabaki macho, na mtoto akitolewa anamsikia analia. Ni njia nzuri na salama. Mama hapati maumivu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Mimba ya Salima ulirudi kwenu Chiola kuzaa, kama desturi ya mimba ya kwanza. Ukashikwa na uchungu siku mbili bila mtoto kushuka, wakakuleta Nachingwea, ukanikuta mimi kwenye zamu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Uliponiona ulitabasamu, midomo imekauka, ukasema, "Afadhali ni wewe, Nyenje." Sentensi hiyo nimelala nayo na kuamka nayo.

Sindano yako haikukaa vizuri. Nilichoma mara mbili. Mara ya pili yale maji ya mgongoni yalitoka kwa kusitasita, moyo ukaniambia toa uanze upya, lakini ulikuwa umejikunja kwa uchungu kitandani na mgongo umelowa jasho, nikaona nitakutesa. Nikasukuma dawa. Miguu ikawa mizito, nikaridhika na miguu. Halafu nikachukua kikoleo cha upasuaji, nikakufinya tumbo chini ya kitovu, nikakuuliza kama unaumia. Ukatikisa kichwa. Nikapanda juu kidogo nikafinya tena.

Ukageuza macho ukatazama ukuta.

Mtu mwingine yeyote ningemsamehe. Daktari anatoka mbali, angejuaje. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mkekani. Mimi nilijua unachofanya ukitazama ukuta. Nikakufinya kama walivyotufinya, wewe ukajibu kama ulivyofundishwa kujibu, na mimi nikamgeukia daktari nikamwambia, "Endelea."

Sasa sikiliza nilichokiona, nikiandike chote, nisibakishe. Kisu kilipoingia mapigo ya moyo wako kwenye mashine yalipanda ghafla. Nikajiambia ni woga. Jasho likakutoka juu ya mdomo, matone madogo madogo, na chumba kile kina kiyoyozi ambacho huwatetemesha watu. Nikalifuta kwa kitambaa. Machozi yakakutoka pembeni yakaingia masikioni, kabla mtoto hajalia, Somoe, kabla kabisa, na mimi baadaye nilisimulia kwamba ulilia kwa furaha. Mikono yako nilikuwa nimeifunga kwa mikanda kama ilivyokuwa desturi yetu. Nilipoifungua nilikuta kiganjani alama nne za kucha, moja inatoka damu. Nikaibandika pamba. Sikukuuliza.

Dawa ya kukulaza ilikuwa kwenye trei, sikuhitaji hata kuinuka. Kwa nini sikuichoma? Nimejiuliza mpaka swali limechoka. Nje walikuwa wanasubiri wazazi wawili. Ukimlaza mtu lazima ukae naye mpaka azinduke, na mwenzangu alikuwa likizo. Daktari alikuwa anakwenda vizuri, dakika chache mtoto angetoka. Lakini sababu hasa ni kwamba hukusema. Nilikishikilia kimya chako kwa mikono miwili, maana kilinirahisishia kazi.

Daktari alipomaliza kushona alivua glavu akasema, "Mgonjwa mzuri huyu." Nikatoka nikampelekea mama yako maneno hayo hayo kwenye korido. Akapiga kigelegele. Siku hizi mtu akisema "mgonjwa mzuri" mbele yangu namkata jicho mpaka anajiuliza amekosa nini.

Ulikaa wodini siku nne. Nilikuletea uji, tukamcheka Salima kwa kichwa chake kirefu, tukapanga akikua asome uuguzi au aolewe na tajiri. Hukusema neno. Nilikuuliza hata mara moja? Niliuliza kidonda kinaendeleaje. Swali la kweli nililiogopa.

Miaka ikapita, ukashika mimba ya pili, safari hii uko kwa mumeo Mandawa. Nesi wa kliniki aliwaambia wewe na Saidi kwamba kwa kovu lile usizalie nyumbani, uende Ruangwa mapema ukasubirie huko. Saidi alikuwa tayari. Wewe ulisema bado. Nilikupigia simu, nikakuuliza umefikisha miezi mingapi, ukaniambia saba na kitu. Ulikuwa unapepeta ufuta, nausikia ungo. Ukaniambia umejaa vizuri, unakula mizizi ya ming'oko kutwa, nisiwe na wasiwasi kama mama mkwe. Ulikuwa na miezi tisa kamili. Hukuwahi kunidanganya kabla ya hapo, na ulinidanganya vizuri.

Uchungu ulikushika asubuhi. Ukamwambia Saidi ni tumbo la kuhara, ukamtuma shambani. Jirani ndiye aliyekukuta mchana umeegemea ukuta wa jikoni, macho umeyakaza sehemu moja. Mpaka gari lilipopatikana kovu la ndani lilikuwa limeachia. Saidi anasema njiani hukulalamika. Uliomba maji, ukaomba akuinue kichwa, kisha ukawa mzito mikononi mwake. Hamkufika Ruangwa. Mtoto hakutoka, mkazikwa pamoja.

Nilikuja mazikoni. Siku ya tatu tulikuwa tumekaa ndani na wanawake, mama yako katikati, sauti imemkauka. Mmoja akasema ulikuwa mvumilivu. Mama yako akainua kichwa, akasema, na nakuapia alisema kwa fahari, "Huyu alikatwa mzima kule hospitali, anasikia kisu kinavyopita, na hakufungua kinywa." Wanawake wakaitikia, wengine wakafuta macho. Akaendelea kusimulia kwamba ulimweleza yeye peke yake, ukamwapisha asiniambie mimi kwa sababu ningeumia, nilikuhangaikia sana. Na kwamba ulimwambia kwenye meza ile hutarudi tena. Afadhali lolote litakalokuja.

Halafu akanigeukia. "Dija, wewe ulijua?"

"Sikujua, mama," nikamwambia.

Alinishika mkono akanipapasa kunifariji. Mama aliyefiwa akanifariji mimi. Nikakaa hapo, nikala wali wa msiba, nikaosha na sufuria.

Niliporudi kazini nilibadilisha mambo. Nilisimama kwenye mkutano wa asubuhi nikasema tunawakata watu ambao ganzi haijawashika, na hatujui kwa sababu hawalii. Daktari mmoja akasema wanawake wa huku ni wagumu, mbona inajulikana. Nikamjibu kwamba si wagumu, wamefundishwa, na mimi ni mmoja wao. Lakini jina lako sikulitaja. Nilisema "mgonjwa mmoja", kama vile nilisimuliwa.

Kufinya nimeacha. Sasa nachukua chupa ya dripu iliyolala kwenye friji, namgusisha mama begani kwanza ili aijue baridi yenyewe, kisha namgusisha ubavuni na tumboni, nauliza hapa ni baridi kama begani au hapana. Kufinywa tumefundishwa kuvumilia. Baridi hakuna aliyetufundisha kuivumilia, kwa hiyo watu hujibu ukweli. Mikono siifungi ila pakiwa na sababu kubwa. Dripu inayoingia mwilini tunaipasha joto kidogo, na blanketi la mabegani nimelipigania mpaka likapatikana. Kabla mama hajaingia namfuata wodini, namwambia utasikia kuvutwa na kusukumwa, kama mtu anayepekua kitu ndani ya kikapu chako, hilo ni la kawaida. Ukisikia ukali, kuchomwa, kukatwa, hilo si la kawaida, na ukinyamaza utakuwa umenifelisha kazi. Wakongwe hunijibu "sawa, mwanangu" kwa adabu kabisa, nami najua hawatasema. Wauguzi wa zamani wananilalamikia kwamba nawafundisha wagonjwa kelele.

Haya yote ni mazuri, na yote nilikuwa nayafanya huku nimemficha mama yako. Nilikuwa kama mtu anayefagia uwanja wakati ndani nyumba inaungua.

Ndipo Rehema akashika mimba. Mimba ilipofika mwezi wa nane kliniki wakamwambia mtoto amelala kwa upana tumboni, hatapita, itakuwa oparesheni. Rehema akarudi nyumbani, akachukua kadi ya kliniki akaifutika ndani ya godoro, akasema yeye haendi. Dada alikwenda akakatwa mzima, akasema, na mara ya pili akachagua kufa. Mumewe akabembeleza, mashangazi wakaja, wapi. Mama yako akanipigia simu. "Njoo uongee naye, wewe ni mtu wa hospitali. Mimi hanisikii."

Nilipanda bodaboda kwenda Chiola, na njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilipanga nimweleze habari za baridi, na blanketi, na kushikwa mkono. Maneno matamu, ya kitaalamu. Nikawakuta uani, mama yako anapepeta mbaazi, Rehema amekaa mkekani tumbo limesimama, na alipoinua uso kunitazama, Somoe, ni wewe mtupu. Yale maneno yakanikauka. Nikaona kwamba nikimwambia "sisi siku hizi tunajali", akaja kwa neno langu huku uongo wangu umekaa katikati yetu, nitakuwa nimemlaghai kama nilivyokulaghai wewe.

Nikawaambia, "Siku ya tatu ya msiba nilimdanganya mama. Niliona kwamba Somoe anaumia. Nikawaambia waendelee."

Mama yako aliacha kupepeta. Akaniuliza niliona nini. Nikamweleza, mashine, jasho, machozi, alama za kucha. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Alikuwa akitazama wapi?"

"Ukutani, mama."

Akauweka ungo chini, taratibu, mbaazi zisimwagike. Akavuta khanga akajifunika uso. Mimi nilikuwa nangoja anitukane, nilitaka anitukane. Alipozungumza sauti ilitoka ndani ya khanga. "Mimi ndiye niliyemfundisha kutazama huko." Akainuka akaingia ndani, akafunga mlango, na tulimsikia. Alilia kwa sauti, mama yako, vile alivyowakataza wengine, mpaka majirani wakachungulia.

Rehema hakulia. Nilijua kwamba akisema hapana, nitakuja kumzika naye, na kwamba hana sababu hata moja ya kusema ndiyo. Akasema, "Nitakuja. Lakini sindano usinichome wewe. Wewe ukae kichwani kwangu unitazame mimi. Usitazame kitu kingine."

Alikuja wiki mbili kabla ya tarehe, na mama yake amebeba beseni na khanga. Sindano alichoma mwenzangu Bakari, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, nakiri. Ganzi ikashika. Chupa ya baridi begani akasema baridi, ubavu wa kulia akasema hapana, tumboni hapana, wa kushoto hapana. Daktari alikuwa yule yule wa kwako. Mimi nimekaa kwenye kigoda kichwani pa Rehema, mkono wake umo ndani ya mkono wangu, simtazami mtu mwingine.

Ngozi ilipita salama. Nikamsimulia kinachoendelea, akawa anaitikia "mm, mm". Wakaingia ndani zaidi. Nikauliza kitu, hakuitikia. Mkono wake ukatulia, ukawa kama mkono wa mtu aliyelala. Halafu macho yake yakaondoka kwangu yakaenda pembeni, yakapata sehemu ukutani, yakakaa hapo.

Nikasema, "Acha, daktari."

Daktari akaniuliza kuna nini, mgonjwa mwenyewe hajasema. Na kweli hakuwa amesema. Mashine ilikuwa tulivu bado. Bakari alinitazama kama nimechanganyikiwa. Mtoto alikuwa bado ndani na kila dakika ina thamani yake, najua hilo kuliko wao.

"Mimi nimeona," nikamwambia. "Acha."

Akainua mikono. Nikamwinamia Rehema, nikamwambia wamesimama, hakuna anayekugusa, sema. Aliyarudisha macho kutoka ukutani, polepole, kama anayevuta kitu kizito. Kisha akafungua kinywa akalia. Haukuwa ukelele wangu wa kuku, Somoe. Ulikuwa mkubwa, umetoka tumboni, nadhani ulikuwa na wewe ndani yake. Aliita mama. Alisema inakata, upande wa kushoto, inakata. Bakari akasukuma dawa ya kumlaza, nikamshika taya, nikamsemesha mpaka macho yakalegea, na daktari hakurudisha mkono mpaka nilipomruhusu. Mtoto alitoka mzima. Ni wa kike, na analia vibaya sana.

Yaliyotokea kwenye korido nimesimuliwa na nesi wa mapokezi. Benchi lilikuwa limejaa wanawake wanaosubiri watu wao. Sauti ya Rehema ilipopenya mlango, mmoja akasonya, akauliza huyo ni mtoto wa nani anayemvua mama yake nguo mbele za watu. Mama yako alikuwa amekaa na beseni lake magotini. Akasimama. Nesi anasema hakupandisha sauti.

"Ni wangu," akasema. "Huyu nimemwambia alie. Yule wa kwanza nilimwambia anyamaze, nimemzika Mandawa."

Benchi zima likainamisha kichwa.

Mtoto amepewa jina la upande wa baba yake. Mama yako alitaka aitwe wewe, Rehema akakataa, akasema jina hilo liachwe lipumzike. Siku ya kutoka wodini Rehema alimshukuru Bakari kwa mikono miwili. Mimi akaniambia, "Umefanya kazi yako." Hajanisamehe, na sijui kama yuko njiani kunisamehe. Mama yako hunipigia simu Ijumaa. Tunaulizana hali, tunasikilizana tunavyopumua, kisha mmoja anasema haya. Nimesikia kwamba unyago wa mwaka huu wamemwita awafunde wali, akasema atakwenda, ila kufinya hatafinya mtu. Wenzake wamemnunia. Sijui litaishaje.

Mimi nina siku mbaya. Kuna asubuhi nashika kikoleo kile kwa kazi nyingine na vidole vinakufa ganzi vyenyewe. Kuna wagonjwa ambao namwachia Bakari kwa sababu wana shingo kama yako. Watu wananisifu siku hizi, wametoka hospitali nyingine kuja kuona tunavyofanya, nikawaonyesha chupa na blanketi, wakaandika. Wakauliza wazo lilitoka wapi. Safari hii nilikutaja. Nilisema lilitoka kwa rafiki yangu Somoe wa Chiola, niliyemkata akiwa mzima. Kalamu zikasimama.

Msamaha sikuombi. Huna kinywa cha kunijibu, na mimi ningejijibia mwenyewe ninavyopenda, kama nilivyokujibia siku ile. Nimekuja tu kukuambia nilichoona, maana ulikufa ukidhani nilikuwa sijui, na ukanihurumia. Hiyo huruma nairudisha. Haikuwa yangu.

Buriani, Somoe. Salima nitamsomesha nikiwa hai, na siku atakapoulizia habari za mama yake nitamweleza mimi, asije akazisikia kwa wengine. Na hili lingine nakuapia kwa udongo uliokufunika: atakayelala mezani kwangu akageuza macho kutafuta ukuta, atakuta uso wangu umetangulia kufika.

Wako,
Dija